Mtumbwi wa Masanduku ya Chai

Katika maisha yangu nimeunda na kukarabati vyombo vingi, na hakuna hata kimoja kilichozama kwa kosa la mkono wangu. Vilivyozama walivizamisha wenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wetu, ukianza kuwahadithia mtumbwi wako wa kwanza, hutabasamu wakingoja kusikia ulivyokwenda chini. Wangu haukwenda chini.

Niliuunda Kipungani, kijiji cha kisiwani Lamu, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa kijana ambaye ndevu zimemtoka majuzi na anadhani zimemtokea yeye peke yake. Niliuunda kwa ajili ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Shangazi alizaliwa mjini Lamu katika nyumba ya mawe yenye madaka na zidaka, vishubaka vya ukutani vya kupangia vyombo, kisha akaolewa na mvuvi wa Kipungani, na mjini watu wakanung'unika mpaka wakachoka. Mume alipofariki, shangazi hakuwa na mtoto. Kila mtu alitarajia arudi mjini akae kwa nduguye. Hakurudi. Alikaa katika nyumba yake ya makuti akisuka mikeka, na mikeka yake ilikuwa ikijulikana sokoni hata kabla haijafunguliwa.

Mkeka husukwa kwa miyaa, majani ya kusukia, na miyaa iliyo mizuri iko ng'ambo, upande wa bara. Shangazi alikuwa akivuka mlango wa bahari mwenyewe, kwa mtumbwi wa marehemu mumewe, akakata miyaa yake akarudi nayo. Mjini jambo hilo lilikuwa aibu. Kipungani lilikuwa jambo la kawaida, na wanawake wenzake walimtuma awaletee na wao. Angeweza kununua miyaa kwa watu, ni kweli, lakini mwenyewe alisema msusi anayenunua miyaa ni sawa na mvuvi anayenunua samaki.

Sasa mtumbwi ule ulioza. Mchwa wa baharini waliula kwa chini mpaka ukawa kama chujio la tui. Habari zilipomfikia baba, akaona ndiyo sababu aliyokuwa akiingoja. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiumia. Kila Ijumaa akitoka msikitini mtu humwuliza, kwa adabu zote, dada yake hajambo huko shamba, na yeye akilisikia swali jingine lililo chini ya hilo: huna nyumba ya kumweka dada yako?

Nikasimama mbele yake nikamwambia nitamwundia shangazi mtumbwi mwingine.

"Kwa mti gani?" akauliza. "Na kwa fundi gani?"

"Fundi ni mimi. Mti ni masanduku ya chai."

Baba aliniangalia kama mtu anayeangalia bei. Kisha akasema, "Jumamosi, mayi yakiyaa, nitakuya Kipungani na mashua kumtukua dada na zitu zake. Chombo chako kikiwa chaelea, mimi sina neno, nitarudi zangu. Kisipoelea, dada atapanda changu."

Hayo ndiyo yalikuwa mapatano, na shangazi akayakubali, maana alimheshimu nduguye. Lakini nilipofika kwake aliniambia jambo ambalo hakumwambia baba. "Mamako ni mtu mwema, wallahi. Lakini nyumba ya nduyangu ni nyumba ya mkewe. Nikienda Amu mjini nitakuwa mgeni mpaka siku ya kufa. Nitakuwa nauliza chumvi iko wapi."

Basi mjue kwamba sikuwa nacheza.

Masanduku ya chai niliyapata kwenye maduka ya mjini, na yalikuwa bure. Mbao zake ni nyembamba, zimegundishwa tabaka juu ya tabaka, nyepesi mno. Mafundi wa Matondoni, ambao mimi nawaheshimu kwa majahazi yao, waliposikia walicheka mpaka wakaweka shoka chini. Nikawaacha wacheke. Mimi nilikuwa na kitu ambacho wao walikuwa bado hawajakishika mkononi.

Mwaka ule nilikuwa nimefanya kazi Ras Kitau, upande wa Manda, kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa na mashua ya injini iliyopasuka. Yeye hakutia pamba penye nyufa wala hakugonga msumari. Aliagiza Mombasa makopo ya gundi, yakaja mawili mawili: moja lina maji mazito ya rangi ya asali, la pili lina dawa yake. Kila kopo peke yake hukaa hata mwaka lisifanye kitu. Ukiyachanganya kwa kipimo chake, yanashikana yakawa jiwe. Kwenye karatasi ya kopo iliandikwa epoksi; mimi niliiita gundi ya makopo mawili. Yule mzungu alitandika kitambaa juu ya ubao, akakinywesha gundi, na kilipokauka kikawa ganda moja na mbao, hakuna mshono, hakuna pa maji kupitia. Nilimsaidia kazi ile tangu mwanzo hadi mwisho, nikaiba kila kitu kwa macho. Alipoondoka akaniachia makopo yaliyobaki.

Mtumbwi wenyewe tuliuunda uani kwa shangazi, na nasema tuliuunda kwa sababu yeye ndiye aliyeushona. Nilikata mbao kwa msumeno mwembamba, nikatoboa matundu kandokando, na yeye akaunganisha ubao na ubao kwa sindano yake ya mikeka na uzi wa kuvulia. Aliniambia babu yake alikuwa akiwaonyesha mabaki ya mitepe, vyombo vya zamani vilivyoshonwa kwa kamba bila ya msumari mmoja, kwa hiyo yeye hakuona ajabu yoyote. Kila fundo alilifunga kama linalotazamwa na mashoga zake. Ndani tukatia fito za mkoko kuupa mbavu. Ulipomalizika ulikuwa chombo kizuri cha kutazama, chembamba mbele na nyuma, ingawa ubavuni ulisomeka maandishi ya chai kinyumenyume. Kitu kilichobaki ni nguo.

Kitambaa nilichochagua ni marekani, yale mazito ya kushonea tanga. Marekani mapya yana wanga wa kiwandani, na wanga haunywi gundi, kwa hiyo niliyachemsha katika sufuria kubwa ya shangazi, nikayafua, nikayachemsha tena, mpaka yakawa laini kama nguo ya kulalia. Hapo ndipo utakapomtambua fundi na mbahatishaji.

Alhamisi asubuhi tukaupindua mtumbwi juu ya magogo. Niliona mbao zimekoza rangi kidogo, nikasema ni umande. Harufu ya sifa niliisikia, yale mafuta ya ini la papa ambayo kila chombo pwani yetu hupakwa. Lakini Kipungani asiyesikia harufu ya sifa ni maiti. Nikachanganya gundi, nikaimimina katika sinia pana, maana ukiiacha ndani ya kopo refu hupata moto yenyewe, ikachemka na kukugandia mkononi. Nikaipaka kwenye ubao, nikatandika marekani kuanzia katikati kwenda mbele, nikawa nasukuma kwa kipande cha ngozi ya kiatu kutoka mgongoni kushuka mbavuni, nikitoa mapovu. Kitambaa kikinywa sawasawa hubadilika: weupe unaondoka, unauona ubao chini yake kama unaotazama ndani ya maji. Jambo hilo hunifurahisha hata leo.

Mtu mmoja akapita na punda wake, akaona kitu kirefu kimelazwa uani kimefunikwa nguo nyeupe, akashuka. "Innalillahi," akasema. "Nani?"

"Masanduku ya chai," nikamjibu, naye akaenda zake akisoma jambo kimya kimya.

Tulifanya nusu ya mbele siku ile, na nusu ya nyuma nikaiweka ya kesho. Adhuhuri ilikuwa imekaribia, na hapo pana jambo ambalo yule mzungu hakunifundisha kwa sababu yeye halikumhusu. Gundi ile ikikauka mkononi ni ganda, na chini ya ganda maji hayafiki kwenye ngozi, na maji yasipofika, udhu huna. Shangazi alinitazama vidole akasema, "Na mikono hiyo utasali vipi?"

"Nipe mafuta ya nazi na mtanga," nikamwambia. "Gundi hii haipatani na mafuta hata kidogo. Ikikuta mafuta, yatoka."

Nikajisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, na gundi ikatoka yote, nikatawadha nikaenda msikitini. Niliporudi, shangazi alikuwa amekaa na ukili wake wa mkeka mapajani, lakini vidole havisuki. Nikadhani amechoka. Chakula alikila nusu.

Ijumaa alfajiri nilikwenda kuugusa mtumbwi. Ganda lilikuwa gumu, zuri, linang'aa. Nikaliingizia ukucha penye ukingo, kwa kujisifu tu, na likanyanyuka. Nikavuta kidogo, likaja. Nikaendelea kuvuta na lote likaja, tangu katikati hadi ncha, zima, na umbo la mtumbwi limebaki ndani yake. Upande wa chini ulikuwa unateleza. Nikaunusa. Sifa.

Nilikasirika, sifichi. Nilirusha lile ganda uani, kuku wakakimbia. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, na hakunipa nafasi ya kuuliza.

"Ni mimi," akasema. "Alhamisi kabla ya swala ya asubuhi nimeupaka. Wote. Nimeomba sifa kwa jirani. Chombo kipya hakitiwi mayini kikavu, mwanangu. Mume wangu hata kasia alikipaka."

"Mbona jana hukunambia?"

"Nalijua uliponitaka mafuta ya mkono. Nikaona haya. Nikasema, labda mti si mkono."

Mtu atasema ningecheka. Sikucheka, na hasira zenyewe ziliniishia, kwa sababu nilimwona alivyokuwa ameishika kanga yake. Mwanamke ambaye hakuwahi kuiogopa bahari alikuwa ananiogopa mimi, au ananiogopea. Maisha yangu yote pale kwetu nilikuwa sijaona chombo kisichopakwa mafuta. Angejuaje yeye kwamba pana kimoja kisichotaka? Kumpaka mtoto mafuta akizaliwa, na kupaka chombo sifa kabla hakijashuka, kwetu hayo hayafundishwi wala hayaulizwi.

"Basi tuparuze," nikamwambia.

Tukavunja chupa, na kwa vigae vyake tukaparuza mbao mpaka unga mweupe ukatoka. Tukaosha kwa maji ya moto na sabuni na majivu, tukaparuza tena. Nilikwenda swala ya Ijumaa nina vumbi la chai kwenye nyusi. Tukarudi tukaparuza mpaka jua likapungua nguvu, na hatimaye nilipolamba ubao, ndiyo, niliulamba, niliona ladha ya mti peke yake. Gundi ilikuwa ipo ya kutosha, ile niliyoiweka kwa ajili ya mkono wa pili, tabaka la juu. Tatizo likawa nguo. Marekani yaliyobaki yalitosha nusu tu, na nusu nyingine iko uani imekuwa gamba la kobe.

Nikasema nitakwenda mjini kwa miguu nikanunue mengine. Niliposema, mwenyewe nikaona haifai. Mji wetu ni mdogo kuliko sinia ya pilau. Kabla mwenye duka hajanikunjia kitambaa, baba angekuwa amesikia kwamba fundi amerudi kununua nguo mara ya pili, na mashua ingekuja hata kabla ya maji kujaa.

Shangazi akaingia ndani. Nikasikia kasha likifunguliwa. Alitoka na pande la bafta nyeupe limekunjwa vizuri, lina harufu ya kafuri, na akaliweka juu ya magogo mbele yangu.

Niliijua nguo ile. Sote nyumbani tuliijua. Ilikuwa sanda yake. Baba ndiye aliyemletea alipokwenda kuhiji: aliinunua Makka, akaichovya kwa mkono wake katika maji ya zamzam, akaianika, akaibeba kifuani njia nzima mpaka Lamu. Wazee wengi kwetu huweka sanda zao tayari, ni jambo la heshima na la kujikumbusha, lakini sanda kama ile katika Kipungani ilikuwa hiyo moja.

"Hiyo siitii gundi, shangazi," nikasema.

"Nguo yako nimeiharibu mimi. Nami nguo niliyo nayo ni hii."

"Hii ni ya akhera."

"Akhera siendi kwa mtumbwi." Akaketi, akaanza kuikunjua. "Sikiza, mwanangu. Nikifa, watu watanunua sanda. Hajazikwa Mwislamu uchi katika nti hii. Lakini mtumbwi, nikiwa hai, hapana wa kuninunulia. Haya, pima."

Nilipima. Niliona uchungu hasa, lakini nilipima vizuri, kwa sababu jambo baya kuliko kuikata nguo ile lingekuwa kuikata vibaya. Kwenye pembe moja palikuwa na muhuri wa buluu wa mwenye duka wa Makka. Nilitaka kuukata niutupe. Shangazi akasema uachwe, nguo isipungue.

Jumamosi, jua lilipochomoza tu, tulianza. Marekani nikayatandika mbele, bafta nyuma, na katikati nikazipandisha moja juu ya nyenzake upana wa kiganja. Safari hii shangazi naye alitia mikono. Alikuwa na vidole vya msusi, anajua nguo inataka kwenda wapi kabla haijakunjamana, na pale nyuma ambapo mtumbwi unabana yeye ndiye aliyeilaza bila mkunjo mmoja. Na nawaambia jambo ambalo nimelithibitisha mara nyingi baadaye: hakuna kitambaa kilichonywa gundi kama kile. Kilikuwa kimeoshwa hakina wanga hata chembe. Kiligeuka angavu mara moja, muhuri wa buluu ukabaki chini yake kama jani ndani ya barafu ya dukani. Tukaoshana mikono kwa mafuta na mchanga, tukauachia jua kazi yake.

Baada ya Adhuhuri nikaingiza ukucha ukingoni. Haukuingia. Nikatia ncha ya kisu, ikateleza. Nikaugonga kwa kifundo cha mkono, nao ukalia kama mlango wa nyumba ya watu wenye uwezo. Nikamwambia shangazi, "Lete kasia."

Mashua ya baba iliingia Alasiri na maji. Alikuwa amekuja na wachukuzi na kamba za kufungia vyombo. Alipotupa macho ufukweni hakumwona dada yake, akaniuliza yuko wapi. Nikamwonyesha kwa kidevu. Shangazi alikuwa ameshatoka mbali kidogo, amekaa wima, buibui amelikaza kiunoni, anapiga kasia bila haraka. Mtumbwi ulikuwa mwepesi mno, ukipita juu ya maji kama usiotaka kulowa. Akazunguka mashua ya baba, mzunguko mzima, nao wachukuzi wakamfuata kwa shingo zao. Kisha akaja ufukweni, akashuka, na kabla sijamsaidia akauvuta mwenyewe mchangani, akaulaza ubavu ili baba autazame chini.

Baba aliinama. Alikuwa mfanyabiashara, nguo anazijua kwa vidole hata gizani. Alipitisha kiganja kwenye marekani, akafika pale katikati, akasita. Akaendelea mbele kwenye bafta. Nikaona kidole chake kimefika kwenye muhuri wa buluu, kikasimama hapo.

Mimi nilikuwa na maneno mengi tayari, ya gundi na wanga na mafundi wa Matondoni.

"Dada," akasema, bila ya kunyanyua uso. "Hii nalikuletea uzikiwe."

"Najua, nduyangu," shangazi akamjibu, kwa upole kabisa. "Na mimi ni hai."

Baba akafuta mchanga magotini. Hakusema kwamba nimeshinda, wala mimi sikumwuliza. Aliwaambia wachukuzi wapande, kisha akageuka akamwuliza dada yake kama miyaa ya mwaka huu ni mizuri, maana chumba cha wageni kule nyumbani kinataka mkeka. Shangazi akasema atamsukia akivuka wiki ijayo. Mashua ikaondoka na kamba zake zimekunjwa vilevile.

Alivuka wiki ile, na miaka mingi baada yake. Mtumbwi ule haukupakwa tone la sifa maisha yake yote, na watu wa Kipungani wakazoea kumwambia shangazi kwamba anaendesha chombo chenye kiu. Mafundi wa Matondoni walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akidai anapita tu, wakaugonga kwa vifundo vya mikono. Baba akatangulia mbele ya haki. Shangazi akamfuata baadaye, kitandani kwake, katika nyumba yake, chumvi iko pale alipoiweka.

Sanda yake niliinunua mimi, bafta ya kawaida ya dukani mjini. Ilikuwa mpya, imekakamaa, na wanga wake unasikika ukiishika. Hakuna sheria inayotaka hivyo, lakini niliichemsha katika sufuria ile ile kubwa, nikaifua, nikaichemsha tena mpaka ikawa laini. Nikatoka nayo uani kutafuta pa kuianika. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduliwa juu ya magogo, mkavu na safi, na nikaitandaza hapo.